Rimoti ya geti ni neno la siri, tuache kuigawa kama peremende

Leo tuweke kando habari za programu kidogo, tuongee kuhusu kifaa ambacho wengi wetu tunakibeba pamoja na funguo na hatukifikirii hadi siku kinapokataa kufanya kazi: rimoti ya geti. (Wataalamu wa lugha wana jina lao, kitenzambali. Mimi nitasema rimoti, maana ndilo jina ambalo fundi atakuelewa.) Wenzetu wa Marekani huitumia zaidi kufungua mlango wa gereji. Hapa Nairobi wenye gereji ya mlango wa umeme ni wachache. Sisi tuna geti la chuma linaloteleza kwenye reli, na mota kando yake. Lakini ndani ni kitu kile kile, na matatizo ni yale yale.

Maoni yangu nayasema mapema ili usifike mwisho ukidhani nauza betri. Rimoti ya geti ni neno la siri. Tofauti yake na neno la siri la barua pepe ni kwamba hili tunalitangaza hewani kila asubuhi na jioni, tunalipeleka mjini likanakiliwe na mtu tusiyemjua, na mpangaji akihama tunamwachia. Kwa hiyo rimoti ikiharibika, swali si "nitapata wapi nyingine ya bei nafuu" pekee. Swali ni nani mwingine ana neno hili, na nani ana uwezo wa kulifuta.

Lakini tuanze na lililo rahisi, maana rimoti nyingi zinazotupwa ni nzima.

KWANZA, USINUNUE CHOCHOTE

Fuata mpangilio huu, kutoka kisichogharimu hadi kinachogharimu.

1. Uliza jirani. Ni rimoti yako pekee iliyokataa au ni za wote? Zikikataa zote kwa pamoja, yako haina kosa. Tatizo liko getini: stima imepotea, fyuzi imeungua, au betri ya akiba ya mota imekufa. Betri hiyo ikizeeka, geti hufanya kazi vizuri tu hadi usiku ambao stima inapotea, halafu linalala.

2. Je, geti linafunguka lakini halitaki kufunga? Hapo pia usilaumu rimoti. Mageti mengi yana macho mawili yanayotazamana kwa mwali usioonekana, ili geti lisimbane mtoto au gari. Utando wa buibui au tope kwenye jicho moja unatosha kulizuia. Pangusa kwa kitambaa.

3. Badilisha betri, tena betri iliyo sawa. Rimoti nyingi hutumia betri ndogo ya volti 12 iliyoandikwa 23A. Nyingine hutumia 27A, ambayo pia ni volti 12 lakini ni nyembamba zaidi, na ukiiweka mahali pa 23A italegea. Nyingine hutumia kidonge cha volti 3, yaani CR2032. Ukiuziwa CR2016 utapata volti 3 hizo hizo, lakini unene wake ni milimita 1.6 badala ya 3.2, kwa hiyo huenda isiguse chuma cha juu. Beba betri ya zamani mkononi unapokwenda dukani, usiende na maelezo ya mdomo.

4. Usidanganywe na taa nyekundu. Taa ya rimoti huweza kuwaka hata betri ikiwa imechoka kiasi cha kutofikisha mawimbi mbali. Dalili ya kuaminika ni umbali. Zamani ulifungua ukiwa mita 20, sasa unateremsha kioo cha gari na kunyoosha mkono kama unayemlisha twiga. Hiyo ni betri. Lakini ikiwa rimoti za wote zimepunguza umbali, angalia antena ya kipokezi getini. Kwa masafa ya megahezi 433.92, ambayo ndiyo ya rimoti nyingi za huku kwetu, waya wa antena wa robo ya wimbi una urefu wa sentimita 17 hivi. Mara nyingi nimekuta waya huo umekunjwa, umekatwa, au umegusana na chuma.

5. Fungua, safisha. Jasho, unga wa mandazi, maji ya mvua, vyote huingia. Pamba yenye spiriti kidogo inatosha kusafisha vyuma vya betri na sehemu za vitufe. Ikiwa kitufe kimoja kimekufa na vingine vinafanya kazi, kilichokufa ni swichi ndogo iliyo chini yake. Fundi wa simu ataitoa na kulehemu nyingine kwa pesa kidogo sana.

6. Bonyeza mara mbili. Baadhi ya rimoti (nitazieleza hapa chini) huhesabu kila mbonyezo. Mtoto akikaa nayo ndani ya nyumba na kuibonyeza mara nyingi mbali na geti, hesabu ya rimoti hupita ya kipokezi. Kwa chipu zinazotumika sana za aina hiyo, rimoti ikitangulia kwa mibonyezo isiyozidi 16, geti hufunguka kama kawaida. Ikitangulia zaidi ya hapo, kipokezi hutaka mibonyezo miwili inayofuatana ndipo kikubali. Watu wengi hubonyeza mara moja, wakanung'unika, wakaenda kununua nyingine.

7. Tafuta mpiga kelele. Masafa hayo ya 433.92 yanatumiwa pia na kengele za mlango, alamu za magari na vipimajoto visivyo na waya. Hata rimoti iliyobanwa chini ya kiti cha gari, ikituma bila kukoma, inaweza kuziba masikio ya kipokezi kwa ploti nzima.

Na kabla sijasahau: ile mbinu ya kuangalia rimoti kwa kamera ya simu haifanyi kazi hapa. Inafaa kwa rimoti ya televisheni kwa sababu hiyo hutumia mwanga wa infraredi, na kamera nyingi huuona. Rimoti ya geti hutumia redio. Ukiielekeza kwenye kamera usione kitu, hujathibitisha lolote.

RIMOTI ZA AINA MBILI

Baada ya hayo yote, ikiwa rimoti imekufa kweli, usikimbilie kununua. Fungua uangalie chipu, au muulize aliyewafungia geti swali moja: namba yake inabadilika au haibadiliki?

Aina ya kwanza hutuma namba ile ile kila ukibonyeza. Chipu maarufu za kundi hili ni PT2262 na EV1527. Ile PT2262, kwa mpangilio wa kawaida wa miguu 8 ya anwani yenye hali 3 kila mmoja, ina namba 6,561 tu kwa jumla. EV1527 ina namba zaidi ya milioni moja, na hiyo inasikika kama usalama hadi ukumbuke kwamba hakuna anayehitaji kukisia. Anahitaji kusikiliza mara moja tu. Mwaka 2015 mtafiti Samy Kamkar alionyesha Marekani kwamba hata kukisia si kazi: kwa kupanga namba zote zifuatane kwa ujanja wa hisabati bila kuacha nafasi kati yake, alifungua milango ya gereji ya namba zisizobadilika kwa muda usiofika sekunde 10, akitumia kifaa kilichoanza maisha kama kichezeo cha watoto.

Aina ya pili hubadilisha namba kila ukibonyeza. Ndani ya rimoti kuna ufunguo wa siri na hesabu ya mibonyezo. Rimoti huchanganya viwili hivyo kwa hesabu ngumu, na kipokezi, chenye ufunguo huo huo, hutambua kwamba ujumbe ni halali na ni mpya. Anayenasa ujumbe wa leo asubuhi na kuurudia jioni hufungiwa nje. Mfumo uliosambaa sana wa aina hii unaitwa KeeLoq, na wala haukubuniwa Marekani wala Japani. Ulibuniwa Afrika Kusini katika miaka ya 1980, kwenye kampuni ya Nanoteq, kisha ukauzwa kwa kampuni ya Marekani ya Microchip mwaka 1995.

Ukitaka kuona tofauti kwa macho yako, nunua kile kijiti cha USB cha kupokea televisheni ya dijitali chenye chipu ya RTL2832U, na uweke programu huria ya rtl_433 kwenye kompyuta yako. Bonyeza rimoti yako mwenyewe karibu nayo. (Yako, si ya jirani!) Nilipomwonyesha mwenyekiti wa kamati yetu, aliiona namba ya rimoti yake ikitokea kwenye skrini. Akabonyeza tena, ikatokea ile ile. Akabonyeza mara ya tatu kana kwamba huenda ikaona haya na kubadilika. Tangu siku hiyo sikuhitaji kumshawishi kwa maneno.

TATIZO LA KUNAKILI

Sasa tufike mahali panapouma. Nyumba zetu ni 24 ndani ya ukuta mmoja, geti moja. Rimoti ni za namba isiyobadilika. Ukienda Luthuli Avenue, au kwa wachongaji wengi wa funguo, utanakiliwa rimoti ya aina hiyo ukiwa umesimama. Unaweka ya zamani uso kwa uso na mpya, unabonyeza zote mbili, mpya inajifunza. Ni haraka, ni rahisi, na sioni ubaya wowote kwa anayeifanya kazi hiyo. Anauza anachoombwa.

Ubaya ni huu: nakala hiyo haina jina lake. Ina namba ile ile ya rimoti mama. Kipokezi hakijui kama kuna moja au kumi. Mpangaji akinakili tatu, moja ya mke, moja ya kijana, moja ya dereva, kisha akahama na kurudisha ile moja aliyopewa, kamati inaandika kwenye daftari "imerudishwa" na kulala usingizi. Nyingine tatu ziko mjini.

Watu wengi huniambia, "Si tufute kumbukumbu yote ya kipokezi na kuanza upya?" Wazo zuri, lakini fikiria kidogo. Ukifuta kipokezi kisha ukakifundisha tena rimoti ile ile iliyorudishwa, umekifundisha na nakala zake zote tatu, kwa sababu namba ni ile ile. Umebadilisha kufuli na kurudisha funguo za zamani. Kufuta kunasaidia ikiwa tu rimoti zinazoingizwa upya zina namba mpya ambazo hazijawahi kunakiliwa.

Tulipofungua daftari la soja na kuhesabu rimoti zote zilizowahi kutolewa au kuandikishwa kama nakala, tulipata 67. Wakazi walipoombwa waje na walizonazo, zikaonekana 39. Hizo 28 nyingine ziko mikononi mwa nani? Kuna mpangaji aliyehama bila kuaga, kuna kijana aliyekuwa akiosha magari, kuna moja iliyoibwa pamoja na mkoba ndani ya matatu. Wengi wao ni watu wema. Lakini usalama wa watoto wanaocheza uwanjani hauwezi kutegemea wema wa watu ambao hata majina yao tumeyasahau.

MSIKUBALI KUUZIWA GETI JIPYA

Kampuni iliyotufungia geti (sitaitaja) ilipoulizwa, ilileta bei ya kubadilisha kila kitu: mota, ubao wake, kipokezi na rimoti zote. Kamati ikashtuka, ikasema afadhali tuendelee kunakili. Hivyo ndivyo ploti nyingi zinavyokwama: upande mmoja bei ya kutisha, upande mwingine rimoti ya bei ya chakula cha mchana.

Kuna njia ya katikati, na fundi mwaminifu ataikubali. Mota ya geti haijali amri imetoka wapi. Kwenye ubao wake kuna skrubu mbili ambazo hupokea waya wa kitufe cha soja, kile anachobonyeza kibandani kumfungulia mgeni. Kipokezi cha nje cha namba inayobadilika huunganishwa kwenye skrubu hizo hizo. Mota inabaki, reli inabaki, ubao unabaki. Kinachonunuliwa ni kipokezi kimoja na rimoti za wakazi. Kazi yenyewe ni ya saa chache, ilimradi stima izimwe kabla ya boksi kufunguliwa na wakazi wajue ufunguo wa kuachilia mota uko wapi, ili geti lisukumwe kwa mkono wakati huo.

Ila kuna hatua moja ambayo mafundi husahau: kipokezi cha zamani lazima king'olewe au kumbukumbu yake ifutwe yote. Kikiachwa kinasikiliza, mmeweka kufuli jipya la bei kubwa mlango wa mbele na kuacha wa nyuma wazi.

"LAKINI HATA HIZO ZIMEVUNJWA"

Najua kuna msomaji anayesubiri kuniambia hivyo, na amesema kweli. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr, Bochum, Ujerumani, walieleza jinsi walivyoipata siri ya mtengenezaji ya KeeLoq kwa kupima umeme unaotumiwa na kifaa kinapofanya hesabu zake. Mwenye siri hiyo angeweza kuiga rimoti baada ya kunasa ujumbe usiozidi 2. Mwaka 2015 huyo huyo Kamkar alionyesha kifaa kinachoziba masafa, kinameza namba ya kwanza, kinasubiri mwenye nyumba abonyeze tena, kisha kinatoa ya kwanza na kubaki na ya pili mfukoni.

Hata hivyo siyumbi. Mashambulizi hayo yanahitaji mtu mwenye ujuzi, vifaa, na sababu ya kuja kwako hasa. Kunakili namba isiyobadilika kunahitaji dakika moja na mteja anayesema "ni yangu." Hatari iliyo mlangoni mwetu ni ile ya pili. Soja aliye macho bado anahitajika, na taa za ukutani pia. Rimoti nzuri ni safu moja tu.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi kwangu: rimoti za namba inayobadilika zinaweza kukufunga kwa muuzaji mmoja, akupandishie bei apendavyo. Hili si jambo la kubuni. Kampuni ya Chamberlain ya Marekani iliishtaki kampuni ya Skylink kwa kuuza rimoti iliyofungua milango yake ya gereji, ikitumia sheria ya hakimiliki ya mwaka 1998. Mwaka 2004 mahakama ya rufaa iliipa Skylink ushindi: mtu aliyenunua mlango ana haki ya kuufungua kwa rimoti ya kampuni nyingine. Kesi ile haina nguvu mahakamani Kenya, lakini busara yake naichukua nzima. Geti ni letu. Tulilipa. Kwa hiyo chagueni mfumo ambao rimoti zake zinauzwa katika zaidi ya duka moja, na ambao kamati inaweza kuongeza au kufuta rimoti yenyewe bila kumwita mtu.

LA KUDAI KABLA YA KULIPA

Ikiwa unabadilisha rimoti moja au mfumo mzima, usimlipe fundi salio lake kabla ya kupata haya:

- Kitabu cha maelekezo cha kipokezi, kwa karatasi au faili, na ufunguo wa boksi la mota.
- Neno la siri la msimamizi, ikiwa kipokezi kinalo, likiwa limebadilishwa mbele yako kutoka lile la kiwandani.
- Orodha ya nafasi: rimoti namba 1 ni nyumba gani, namba 2 nyumba gani. Kuna vipokezi vinavyofuta rimoti moja peke yake kwa nafasi yake, hata kama imepotea. Chagua hivyo. Visivyoweza vitakulazimu kufuta zote na kuwakusanya majirani wote Jumamosi, na nakuhakikishia hawatakuja wote.
- Onyesho. Mwambie fundi afute rimoti moja mbele yenu, mjaribu geti likatae, kisha airudishe. Asiyeweza kufanya hivyo hajaujua mfumo aliowauzia.

Na kwa mpangaji mmoja mmoja: rimoti ikipotea, sema siku hiyo hiyo. Usione haya ukakimbilia kunakili ya jirani ili kamati isijue. Usiiache kwenye gari unapoliacha kwa mwosha magari, hasa ikiwa kwenye gari hilo kuna karatasi yenye anwani yako.

Kamati yetu inakutana mwezi ujao kupiga kura kati ya kipokezi kipya na "tuendelee tu hivi." Nitapiga kura ya kipokezi, na nitakwenda na daftari la soja mkononi. Wewe kwenu mnazo ngapi zilizotolewa, na ngapi zinazoonekana? Hesabuni kwanza, kisha ndipo mwende kununua betri.